Saini ya Baba, Neno la Mjomba

Siku ya kwanza nilipopewa kazi ya kutafuta wakufunzi, miguu ilikuwa ikiniuma. Nilikuwa nimetoka zamu wodi ya wazazi, hata chai sijanywa, Matroni, mkuu wetu wa wauguzi, akaniita ofisini. Uhuru ulikuwa bado mbichi, na yeye, Mwingereza wa sauti ya chini, alikuwa ameshaanza kufunga virago.

"Nikiondoka, nani atawafundisha wasichana hawa?" aliniuliza. "Nitafutie wauguzi wawili wa hapa hapa. Wawe na subira, na wapende kueleza."

Zama zile mkufunzi, yaani muuguzi anayewafundisha wauguzi, alitoka ng'ambo. Mpango mpya ulikuwa mwepesi kwenye karatasi: tunamchagua muuguzi hodari, anajifunza kufundisha chini yangu kwa miezi kadhaa, kisha anapelekwa Nairobi kusomea ukufunzi. Kwenye miguu haukuwa mwepesi. Nilizunguka zahanati toka Taru hadi Mwabungo, nikikaa pembeni kutazama nani akifunga kidonda humweleza mgonjwa anachofanya, na nani hunyamaza. Anayenyamaza huweza kuwa muuguzi mzuri sana, lakini mkufunzi hawi.

Mwabungo ndiko nilikomwona Mwanakombo. Alikuwa akimwonyesha mama mmoja namna ya kusafisha kitovu cha mtoto mchanga. Alipomaliza akamwambia, "Haya, sasa nifundishe mimi." Mama akarudia yote, na kila akikosea anaanza upya. Sisi tuliliita hilo somo la kurudisha, na wapo waliolihangaikia mwaka mzima. Yeye hakufundishwa na mtu. Nilifurahi hata nikasahau uchovu.

Fomu ya masomo ilitaka saini ya baba, na baba yake akaitia siku ile ile. Hapo ndipo nilipokosea. Mimi ni Mdigo, najua kwamba kwetu mjomba, ndugu wa mama, ana neno juu ya wapwa zake. Mjomba wake alikaa Lunga Lunga. Lakini nilikuwa nimechoka, tena nilijiona msomi, na mambo ya wajomba nikayahesabu ya kizamani.

Wiki ya safari ya Nairobi, mjomba akaja hospitalini, kanzu imejaa vumbi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mpwa wangu mwampeleka wapi?"

Nikamweleza. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Na mimi nilikuwa nimekufa?"

"Fomu haikuwa na nafasi ya mjomba."

"Na mdomo wako nao haukuwa na nafasi? Huyo Matroni simlaumu, ni mgeni. Wewe u mtoto wa hapa."

Nikapiga magoti kumwomba radhi. Aliniinua mwenyewe.

"Mngalikuja kwangu ningalimruhusu, na dua ningalimwombea. Sasa mji mzima wajua sikuulizwa. Nikinyamaza leo, kesho nani atanisikiliza?"

Mwanakombo alikuwa amesimama mlangoni, sanduku lake limeshafungwa. Alinitazama, akingoja niseme neno. Mjomba akalibeba sanduku. Wakaondoka pamoja, na nafasi yake akapewa muuguzi wa bara.

Tangu hapo sikumchukua msichana yeyote kabla ya kwenda kwa mjomba wake. Matroni waliofuata, Waafrika wenzangu, walinigombeza kwa kuchelewesha orodha. Nikawaacha wagombe. Nanyi mnaoingia kazi hii leo, kuchoka mtachoka, hilo halina dawa. Ila msiache uchovu uwafanyie maamuzi.

Siku niliyostaafu palisomwa hotuba nyingi, nikasifiwa kwa wakufunzi niliowapata. Zilipokwisha, Mwanakombo akaja kunipa mkono. Nilianza kumwomba radhi, akaniwahi.

"Mwalimu, mjomba alipokuwa mgonjwa sana aliniita. Aliniuliza kama ningali nataka kwenda kusoma. Wakati huo nina watoto watano."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia sitaki tena." Akatazama chini. "Alikuwa akifa, mwalimu. Ningalimwambia nini?"