Mwandika mabango aliyemwandika kaka yake akikimbia

Asubuhi, jua likiwa bado upande mmoja wa barabara, mwandika mabango yuko juu ya ngazi mbele ya duka la matairi. Brashi yake inapanda, inashuka, kila mstari ukiegemea kulia. Neno MATAIRI linatoka nene, limeinama mbele kama mtu anayewahi gari.

Watu wa mtaa humwita Mama Mshazari kwa sababu ya herufi hizo. Ni nene, zimelala upande, ncha zake zimekatwa kavu, hazina vikucha vya urembo kwenye ncha wala madaha.

"Hii herufi haibembelezi," anasema bila kugeuka. "Inamshika mtu shati. Hata aliye kwenye pikipiki anaisoma bila kupunguza mwendo."

Ameziandika kwa vinyozi, gereji, wauza simu na timu ya mpira. Penye punguzo la bei, huitwa yeye. Zimemsomeshea watoto wawili. Lakini siku hizi ukizisifu, anainamia kopo la rangi na kukoroga.

Mwaka jana kaka yake mkubwa alifariki. Alikuwa fundi saa, mtu wa pole, aliyeweza kushinda kutwa akitengeneza saa moja tu na mteja asithubutu kumharakisha. Ndiye aliyemlea dada yake baada ya wazazi wao kufariki. Familia ilipokaa kupanga mazishi, Mama Mshazari aliomba kibao cha kaburi aachiwe yeye.

Alikifanya kwa moyo wote. Alichagua ubao mzuri, akaandika jina la marehemu kwa herufi anazozijua, nyekundu, zenye kivuli cheusi nyuma. Akakiona kizuri. Akakibeba mwenyewe hadi makaburini, kimefunikwa shuka.

Shuka ilipoondolewa, mtu mmoja nyuma aliguna. Mwingine alimnong'oneza mwenzake, na wengi wakasikia, kwamba utadhani marehemu anauzwa kwa bei ya kutupa. Kicheko kikapita, kikazimwa upesi.

Mjane hakucheka. Alikitazama kibao, kisha akamsogelea Mama Mshazari.

"Wifi," alimwambia taratibu, "kaka yako hakuwahi kukimbilia kitu. Mbona umemwandika anakimbia?"

Mama Mshazari anasema ardhi ingepasuka angeingia. "Angenitukana ningepumua. Lakini alisema kweli, mbele za watu, na hii ndiyo kazi yangu. Kaka yangu nilimfanyia tangazo."

Jioni ile alirudi peke yake akaking'oa. Mpaka leo kimegeuzwa uso ukutani, nyuma ya makopo. Kaburi limebaki bila jina, na yeye hajakanyaga tena kwa wifi yake. Akimwona sokoni hupinda kona.

Tangu hapo anajifunza herufi nyembamba, za kusimama wima. Si rahisi. Mkono uliozoea kulala haukubali kusimama. Samaki mkunje angali mbichi, anasema, na yeye ameshakauka. Mbao kadhaa ameziharibu. Sasa moja imetoka vizuri: jina tu, jeusi juu ya nyeupe, kila herufi imetulia mahali pake.

Hataipeleka makaburini kwanza. Jumapili anakusudia kuipeleka kwa mjane, aione, aamue.

"Akiikataa nitaifuta nianze upya, rangi ninayo," anasema akishuka ngazi. "Kuandika si shida tena. Shida ni kubisha hodi."