Rasta Mia na Ishirini Kabla ya Pazia Kufunguliwa

Saa nane na robo mchana, ghorofa ya kwanza ya jengo moja katikati ya jiji la Durban, wanawake wanne wamekizunguka kichwa kimoja kama wanaochambua mchicha wa shughuli. Chini barabarani taxi zinapiga honi. Humu ndani hakuna anayepiga soga, na saluni ya Wakongo ikikosa soga, ujue kuna jambo.

Kichwa hicho ni cha Verediana Kokugonza, 33, Mwingereza mzaliwa wa Leeds, mtoto wa wazazi wa Bukoba. Kazi yake ni kuigiza kwenye michezo ya jukwaani yenye nyimbo, na kundi lake liko ziarani hapa Durban. Jana Jumatatu, siku yake pekee ya mapumziko, alikaa kwenye kiti hikihiki kwa saa tano akasukwa rasta mia na ishirini, ndefu mpaka kiunoni.

Leo zinafumuliwa zote. Saa kumi na moja na nusu anatakiwa ukumbini avalishwe wigi jekundu, na saa moja na nusu jioni pazia linafunguliwa.

“Wigi halikai juu ya rasta,” anasema Verediana. “Nimejaribu saa sita mchana. Limekaa kama kofia juu ya kichaka.”

Kosa ni lake na halikatai. Mkataba unataka nywele zake zilale kichwani muda wote wa ziara, maana yeye ni mwigizaji wa akiba. Kila siku anacheza ngoma safu ya nyuma, huku kichwani amebeba maneno na nyimbo za wenzake sita, akisubiri mmoja wao augue.

“Na watu wa jukwaani hawaugui,” anasema. “Wanaimba na homa, wanaimba na kifundo kilichovimba. Miaka minane sijaitwa kucheza nafasi kubwa hata mara moja. Nikasema, nani ataniita Durban?”

Simu imelia saa tano na nusu asubuhi. Mwigizaji mkuu, anayecheza Mama Hoteli, mwenye nyumba ya wageni ya bandarini anayeimba nyimbo tisa, ameamka hana sauti. Bahati haibishi hodi, na Verediana alikuwa ndiyo kwanza anazitazama rasta zake kwenye kioo.

Bahati hiyo ameifuata kwa miguu. Alipomaliza chuo alifanya majaribio arobaini na moja ya kuomba nafasi jukwaani kwa miaka miwili, huku akiuza viatu. Kazi ya kwanza aliyopata ilikuwa miguu ya nyuma ya farasi, yule wa kitambaa anayevaliwa na watu wawili. Mama yake, muuguzi, alikuja kumtazama na wauguzi wenzake wawili, wakapiga makofi kila farasi alipopita. Tangu siku hiyo kila akipiga simu humuuliza swali moja: “Mwanangu, lini utakuwa upande wa mbele?”

Mwenye saluni anaitwa Félicité, wa Bukavu, mwaka huu wa 2013 ametimiza miaka kumi na mmoja Durban. Verediana alipoingia mbio akilia, Félicité alidhani rasta zinambana. Aliposikia habari yenyewe aliwaomba radhi wateja waliokuwa wakingoja, akageuza kibao cha mlangoni kuonyesha amefunga.

“Dada, usilie. Kichwa iko moja, mikono iko nane,” akamwambia. “Kaa.”

Saa kumi kasoro robo, zimebaki rasta arobaini. Verediana anaimba chinichini, wimbo baada ya wimbo, macho ameyafumba. Kwenye wimbo wa sita, ubeti wa pili, anakwama. Maneno yamekimbia. Anaanza upya, yanakimbia palepale. Hapo Bupe, msusi kutoka Mbeya ambaye ameusikia wimbo huo mara nne tangu mchana, anautamka mstari uliopotea bila kuinua macho kwenye kitana. Saluni nzima inacheka, na Verediana anacheka kuliko wote.

Ni Bupe huyohuyo anayemalizia. Anazilaza nywele zote nyuma kwa mtindo wa twende kilioni, wa haraka na usio na mbwembwe, ingawa mwenyewe anasema leo hakuna msiba. Saa kumi na moja na dakika kumi Verediana anashuka ngazi mbilimbili.

Félicité amekataa kulipwa. Kwa miaka kumi na mmoja amepita nje ya ukumbi ule akienda sokoni, na hajawahi kuingia. Anachotaka ni viti. Haki ya mwigizaji ni viti viwili vya bure. Verediana anamwangukia meneja mpaka vinakuwa vinne.

Jioni, mlangoni kumebandikwa karatasi ndogo yenye jina lake, kuwajulisha watazamaji kwamba leo Mama Hoteli ni mwingine. Wengine wanaguna. Pazia linafunguka, Verediana anasimama mbele peke yake, na sauti inatoka. Mstari wa kwanza unayumba kidogo. Wa pili umenyooka, na wa tatu umewanyamazisha waliokuwa wakiguna.

“Mimi nilikuwa ninaangalia tu pale wigi inakutana na uso, kama imekaa sharp,” Félicité anasimulia. “Wimbo ya tatu nikasahau wigi. Nikalia, eish, nikamlowesha Bupe bega.”

Ilikuwa siku mbili tu. Alhamisi mwenye nafasi yake alipata sauti, na Verediana akarudi safu ya nyuma. Hanuni. Mwezi wa kumi ana majaribio London ya mchezo mpya, nafasi kuu, na Jumatatu baada ya ziara kwisha amerudi kwa Félicité kusukwa rasta mia na ishirini. Ile karatasi ya mlangoni sasa imebandikwa kwenye kioo cha saluni.

“Safari hii sifumui,” anasema akijitazama. “Anayenitaka atanichukua hivi nilivyo.”

Na mama yake? Alimpigia Jumanne ileile, wigi likiwa bado kichwani. Mama hakuwahi hata kusalimia.

“Mama,” Verediana alimwambia, “usiulize. Leo nilikuwa mbele.”