Gari ya Kupanda na Gari ya Kuingia

Nianze na gari ya mdogo wangu, maana yangu naipenda na naweza kuipendelea. Yake ni mpya, ya juu, nyeupe. Ukifunga mlango, kelele zote za Kasese zinabaki nje, na ubaridi unakufikia hadi miguuni. Yangu ni ya chini, ndefu, nzee, aliniachia marehemu mume wangu. Vioo vyake unashusha kwa kuzungusha mkono.

Siku hiyo mama yetu alikuwa aende Bwera. Mdogo wake alikuwa amevuka mpaka kutoka Butembo, Kongo, na jioni angerudi. Hawakuwa wameonana tangu magoti ya mama yaharibike. Safari zote alikuwa amezikataa, hakutaka kubebwa mbele za watu.

Mdogo wangu, ambaye ni mwanajeshi, akafungua mlango wake. "Mama, panda."

Mama akaweka mguu mmoja kwenye kikanyagio cha mlangoni, akashika mlango, akakwama hapo. Majirani walikuwa wanaangalia. Mdogo wangu akainama amwinue.

"Acha. Siko gunia ya kahawa."

"Ni mara moja tu, mama."

"Afande, amri iko kule kambini. Hapa niko mama yako." Akashusha mguu. "Muende. Mutamusalimia."

Nilijua akirudi ndani hatatoka tena. Nikafungua mlango wangu wa nyuma. Akageuza mgongo, akaketi kama anavyoketi kwenye kigoda chake cha jikoni, kisha akavuta miguu, mmoja, halafu wa pili.

"Ile iko ya kupanda," akasema. "Hii iko ya kuingia."

Mimi miaka yote nimesema kupanda gari, hata hii ya chini. Sikusoma sana, labda nilikuwa nasema vibaya.

Lakini nikiri: njiani tulitoka jasho, na mashimo yaliyotutikisa sisi, ile nyeupe mbele yetu iliyapita kama haikuyaona. Kule Bwera, njia ya kupanda hadi nyumba alimofikia mama mdogo ilikuwa ya mawe na matope. Tumbo la gari yangu likakwaruza, nikarudi nyuma hadi kwenye lami. Ya mdogo wangu ikapanda bila kuunguruma. Ilinipendeza. Niliona wivu pia.

Ikamshusha mama mdogo kwetu. Huyu magoti yake ni mazima. Akaruka chini, akaingia nyuma kwa mama. Mama alisogea kidogo tu, kiti kile ni kipana.

"Yaya, umenona," akamwambia dada yake mkubwa.

"Na wewe umekauka. Kule hakuna mafuta?"

Tukamwambia mama tumsaidie kutembea hadi hoteli ya jirani, tunywe chai.

"Muilete hapa. Na mufunge milango."

Tukafunga, tukaenda kusubiri ndani ya gari ya mdogo wangu. Viti vyake ni vizuri sana, sitasema uongo. Kupitia kioo tuliona vilemba viwili vimeinamiana.

"Ukitaka kuiuza hiyo, uniambie kwanza," akasema.

Chai ilipofika, mama alizungusha mkono, kioo kikashuka, akapokea vikombe viwili, akakipandisha tena.