Meli Zilizowaka Siku ya Posa

Mume wangu aliiokota ile picha ya ukutani mtaa wa Parramatta, huku ughaibuni, kando ya barabara, siku ambazo watu wa huku hutoa nje vitu wasivyovitaka ili lori la manispaa lije kuvibeba. Wenzake wanaokota friji. Yeye akaniletea vita. Meli kila mahali, bendera, moto na moshi, milingoti inaanguka, watu wanatapatapa majini. Ilikuwa nakala ya kiwandani tu, lakini fremu yake nzito kuliko mlango wetu.

"Baba watoto, hiyo inakwenda wapi?"

"Sebuleni."

Kumbe alikuwa na sababu. Alikuwa amejaribu kutundika televisheni, na kuta za nyumba yetu ya kupanga hapa Mount Druitt ni unga mtupu. Nyundo ilizama yote. Tundu lile lilimnyima raha kwa sababu ya wakala anayekuja kukagua nyumba. Picha ikaliziba, wakala akaisifu, nikadhani yameisha.

Thubutu! Korona ikatufungia ndani, zamu zake za kazi ghalani zikapungua, naye akaanza kuichunguza ile picha na simu mkononi. Kila tukila tunahadithiwa. Mchoraji alikuwa Mflama, yaani Mbelgiji, wa Antwerpen, miongoni mwa wa mwanzo kabisa kwao kuifanya bahari kuwa kazi yake. Hizi ni meli za Wakristo, zile za Waturuki, yule pale kakatika mguu. Na sisi tunakula samaki.

"Babu yako aliwapikia Waflama kule kwetu Uvira, enzi za ukoloni, mpaka akazeeka, hawakumpa hata asante," nikamwambia. "Leo wewe unamtundika Mflama sebuleni?"

"Huyu alikufa kabla hao hawajazaliwa. Hana kosa."

Nikamwacha.

Sasa, binti yetu mkubwa alikuwa amepata mchumba, kijana wa Kirundi anayekaa mtaa wa Villawood. Kijana ana adabu, sina neno naye. Shida ilikuwa mama yake. Alimtaka mkwe Mrundi mwenzake, na kuja kuposa kwetu alikubali shingo upande. Asubuhi ya siku yenyewe binti alinishika mkono jikoni, akaniambia kwa Kiingereza, ndiyo kawaida ya vijana wa huku, kwamba mama yule akikataa leo basi imekwisha, kwa sababu kijana hatamvunjia mama yake heshima. 

Serikali ilikuwa imekataza kwenda zaidi ya kilomita tano kutoka nyumbani, kwa hiyo posa ikafanyika kwa Zoom. Nilimwomba mume wangu aishushe ile picha.

"Unataka wakwe waone tundu?" akaniuliza.

Nikaona kweli. Lo, akili yangu ilikuwa wapi? Kitenge kimoja tu kingetosha kulifunika!

Maana kwetu na kwao, siku ya posa hakuna kinachosemwa waziwazi, na kila kitu ni jibu. Ukipewa kiti kibovu, umejibiwa. Kinywaji kikichelewa, umejibiwa. Na baba wa binti hafungui mdomo, anasemewa. Msemaji wetu alikuwa kaka yangu, yuko kwake, juu koti la suti, chini kaptura.

Mshenga wao, mzee mwenye sauti ya redio, akaanza. "Majirani wema, moto wetu umezimika. Tumeona moshi kwenu, tumekuja kuomba kaa moja tu."  Akavaa miwani, akaisogelea kompyuta mpaka tukawa tunaona pua peke yake.

"Tumeomba kaa," akasema polepole. "Ninyi mmetuonyesha moto unaounguza watu na vyombo vyao. Tumeelewa."

Mama yangu wee! Kaka yangu akajibu kwa ufasaha wake wote, mikono inapepea, maikrofoni imezimwa. Nyuma ya mlango wa chumba nilimsikia binti yangu anaanza kulia. Na mume wangu, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kunyamaza tu, akasimama.

"Hapana, wazee! Huyu aliyeichora ni Mflama wa Antwerpen!"

"Mflama?" akauliza mshenga. Hata kwao Warundi, Wabelgiji waliwahi kutawala, kwa hiyo neno lile halikutusaidia kitu.

Hapo ndipo mama wa kijana akasema, mara ya kwanza tangu tuanze. "Baba, isogeze hiyo picha karibu. Yule mtu aliye majini." Sauti yake ilikuwa imebadilika. Tulijua kwamba wakati wa vita kwao walivuka ziwa kukimbilia Tanzania, kijana akiwa mgongoni, na kwamba mtumbwi uliowafuata haukufika. "Kuna mtu anamshika?"

Mume wangu akaing'oa picha ukutani. Tundu likabaki wazi juu ya kichwa changu, kubwa kama sufuria ya ugali. Akaileta picha mbele ya kompyuta, akaonyesha kwa kidole.

"Huyu hapa, mama. Tazama, kuna mtumbwi mdogo. Amekamatwa ukosi. Na huyu wa pili wanamvuta kwa mkono. Mimi nawaangalia kila siku. Mflama hakuwaacha."

Yule mama alitazama, akatazama. Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Haya," akasema. "Kwa watu wanaoangalia hivyo, mwanangu ataangaliwa. Mpeni kaa lake. Lakini binti aje na hiyo picha."

Mume wangu akaikumbatia ile fremu. Mshenga akakohoa. "Na hilo tundu nyuma ya mama mkwe, nalo tulielewe vipi?"

"Hilo halina maana yoyote," nikasema. "Hilo ni mume wangu."

Villawood nzima ikaangua kicheko, na binti yangu akatoka mbio chumbani kabla hajaitwa, aibu tupu.

Tulipofunguliwa, harusi ikafungwa. Mume wangu aliifunga picha kwa blanketi letu zuri, akaipakata garini mpaka kwa wakwe, hataki mtu aiguse. Kesho yake nilimkuta sebuleni amesimama mbele ya lile tundu.

"Unazililia meli zako?" nikamtania.

"Nyumba imekuwa kimya," akasema.

Meli zile hazikuwahi kupiga kelele. Nikavuta kiti, nikakaa naye.