Siku Kondoo Alipoingia Kwenye Mate ya Kupe

Mkasa huu bado unanichoma masikio kwa aibu, na sijawahi kuusimulia wote, lakini leo wacha niumwage.

Kazi yangu katika maabara moja hapa Kampala ni kuandaa sampuli ndogo sana ili mashine isome protini zilizomo. Sikuisomea darasani, nilijifunza kwa video, peke yangu, chumbani kwangu Kyebando, na nikazoea kutomuuliza mtu. Sasa Akello, mwenzangu wa maabara aliyekulia kwenye kambi ya jeshi, alikuwa amekaa wiki tatu kwenye darubini akitoa tezi za mate za kupe, moja moja, akanikabidhi vichupa sita. "Hizi ndizo zote, Kevo. Chunga sana."

Nikachunga kupita kiasi. Kichupa cha kwanza nilikiona kama kina vumbi, nikahamishia sampuli kwenye kipya, hicho nacho nikakitilia shaka, nikahamisha tena, vyote sita, mara nne (nikajiona fundi kweli), bila kujua kwamba protini ikiwa kidogo hivyo hung'ang'ania plastiki ya kichupa, kwa hiyo kila kichupa nilichotupa kilikwenda na jasho la Akello. Na kwa baridi ya ile AC nilikuwa nimevaa, chini ya koti jeupe, sweta la sufu alilonifumia mama kule Nakuru, mikono ya sweta ikichungulia juu ya glavu. Sikutaka kulivua. Kuna siku ndilo pekee linalonikumbatia.

Jumatatu majibu yakaonyeshwa ukutani mbele ya wote. Kupe: karibu hakuna. Ngozi ya binadamu: tele. Sufu ya kondoo: tele zaidi.

"Ssebo," bosi akaniuliza, akiniita bwana kwa Kiganda, "huyu kondoo aliingia saa ngapi?"

Chumba kizima kikaangua kicheko, nami nikacheka kuwashinda wote, mpaka nikamwona Akello hacheki.

Mchana akanikuta kwenye ngazi nakula chapati peke yangu, kama kawaida.

"Siku ile nilikuwa nyuma yako tu," akasema. "Si ungegeuka uniulize?"

"Niliogopa utajua kwamba sijui."

"Hiyo tulijua zamani, bwana. Tulikuwa tunangoja wewe uulize."

Sasa sweta nalitundika nje ya mlango, na sihamishi hata tone kabla ya kugeuka na kuuliza. Akello ameanza upya na kupe wengine. Nani atamwandalia sampuli safari hii? Hilo tu ndilo bado sijathubutu kumuuliza.