Kilichokuwa Kinanyonya Betri ya Daktari

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo natabasamu peke yangu. Nilikuwa binti mbichi katika ufundi wa sola, nimeajiriwa kwenye karakana moja pale Kimandolu, na mita yangu ya kupimia umeme niliipenda kuliko viatu vyangu. Ikapigwa simu kutoka kijiji cha Kikwe. Daktari mstaafu wa mifugo alitaka fundi, tena haraka.

Mzee huyu, Daktari Elisaria, hakuweza kukaa nyumbani baada ya kustaafu. Alichukua gari kuukuu la kubebea watalii akaligeuza nyumba: kitanda nyuma, jiko dogo, paneli ya sola juu ya paa, na friji ya kutunzia chanjo. Yeye na mkewe, Mama Neema, walizunguka nalo upande wa magharibi wa Mlima Meru wakichanja mbuzi wa wafugaji wanaoishi mbali na barabara. Walilala humo, wakapika humo.

Nilipofika nilikuta hawasemezani. Daktari amesimama kando ya gari, Mama Neema amekaa mlangoni pa jiko la nyumbani anachambua maharage, ameligeuzia gari mgongo.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, binti. Mchana friji inapoza, asubuhi imezima. Chanjo za safari iliyopita zimeharibika, na watu walikuwa wameshakusanya mbuzi wao. Muulize mama yako huyo anavyochaji simu usiku kucha."

"Simu!" Mama Neema akasema bila kugeuka. "Yeye anasoma na taa mpaka usingizi umshike, halafu kosa ni simu yangu. Safari hii aende mwenyewe."

Nikaelewa kwamba sikuitwa kwa ajili ya betri peke yake. Lakini ujana una haraka zake. Nikaitazama betri, nikaona imechakaa kwa nje, nikatamka: "Hii imekufa. Ni kuweka nyingine tu."

Mama Neema akaweka ungo chini. "Umepima, mwanangu, au umeangalia tu? Maana kuangalia hata sisi tumeangalia, na ndiyo haya tunagombana."

Aliyasema taratibu, bila ukali, na yakaniingia. Nikaomba radhi, nikafungua mkoba wangu.

Siku hiyo niliacha paneli iijaze betri kadiri ilivyoweza, na jioni nikachomoa kila waya ili ilale peke yake. Niliporudi asubuhi, mita ilionyesha chaji iko palepale. Betri ilikuwa nzima, na paneli ilikuwa inaijaza. Basi kuna kitu kinanyonya. Nikaunganisha waya upya, nikazima taa, pampu ya maji, hata friji yenyewe. Simu ya Mama haikuwamo garini. Mita bado ikaonyesha umeme unatoka! Nikachomoa fyuzi moja baada ya nyingine, hakuna kilichobadilika. Jasho lilinitoka, ingawa ulikuwa ule msimu wa ukungu ambapo Meru haionekani kabisa.

Nikarudi kwenye betri, nikainama vizuri. Hapo nikaona waya mmoja mnene usiopita kwenye kisanduku cha fyuzi. Nikaufuata kwa vidole, ukapita chini ya zulia, ukapanda nyuma ya kitanda. Nikafungua ubao. Ilikuwa inveta, chombo kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Haikuunganishwa na kifaa chochote, lakini kitaa chake cha kijani kilikuwa kinawaka, na yenyewe ina joto.

"Daktari, hii ni ya nini?"

Alichungulia. "Niliiweka mimi," akasema. "Mama alipougua kifua tulipewa mashine ya kumsaidia kupumua akilala. Sikutaka kumwacha nyumbani, wala yeye hakutaka kubaki. Alipopona tukairudisha mashine hospitali. Hii nikaisahau."

Nikamweleza kwamba wakati wa jua kali paneli ilifidia kilichonyonywa, ndiyo maana hawakugundua. Ukungu ulipoingia, pengo likaonekana.

Mama Neema alikuwa ameshapanda garini. Akaweka kiganja kwenye ubao wa upande wake wa kitanda. "Kumbe lile joto la usiku ni la hiki," akasema. "Mimi nilidhani ni wewe."

Daktari akacheka mpaka akaegemea mlango, kisha akavua kofia. "Nisamehe, mama. Nimekusingizia."

"Na mimi nilisema mengi," akajibu.

Nikaiwekea inveta swichi mahali pa wazi. Asubuhi iliyofuata friji ilikuwa baridi, na wiki hiyohiyo wakaondoka wote wawili na chanjo mpya. Daktari alinipigia kutoka huko kunishukuru. Nyuma yake nikamsikia Mama Neema akimwambia aache simu, chai inapoa.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu, wewe unayeanza kazi na unayeanza nyumba. Kitu kikianza kupungua na hujui kinakokwenda, usianze kwa kumshuku mtu. Zima, pima, fuata waya hadi mwisho wake. Ukikuta kosa, uliza lilifikaje pale kabla hujapandisha sauti, maana mengine yaliwekwa na mkono uliokuwa unakupenda. Na mtu akikuuliza kama umepima, usinune. Mshukuru, kisha upime.

Mungu akupe subira katika mikono yako. Akujalie nyumba ambayo watu wake wakikosana asubuhi, jioni wanakula pamoja. Uende salama, urudi salama, na ukute unaowapenda wanakungoja. Amina.