Nundu ya Kichwa cha Treni

Nakumbuka Ijumaa ile, mwanangu, kwa sababu nilirudi kutoka msikitini nikakuta kichwa changu cha treni hakina nundu.

Usicheke. Nitakueleza treni ilitoka wapi na nundu ni nini, lakini kwanza ujue unazungumza na mtu wa namna gani. Mimi ni mtu wa kushuku. Hata leo muuza nyama akinifungia kilo yangu haraka kuliko kawaida yake, huifungua palepale mezani pake nikaitazama. Watoto wangu husema nimezidi. Labda. Lakini aliyekulia Isiolo miaka ile ya sabini alinyweshwa shaka pamoja na chai ya asubuhi. Vita vya shifta, wale waasi wa kaskazini, vilikuwa vimeisha mdomoni tu. Barabarani vizuizi vilikuwa bado vipo. Mborana alimshuku Msomali, Mturkana akamshuku Mborana, Mmeru akatushuku sote, na serikali haikubagua, ilishuku kila mtu.

Treni haijawahi kufika Isiolo. Ukitaka kuiona ulikwenda Nanyuki, na mimi nilikwenda mara kwa mara kwa sababu baba yangu alikuwa na lori la kubeba ng'ombe. Tuliwachukua sokoni Oldonyiro, tukawafikisha stesheni, na pale wakapandishwa kwenye mabehewa. Rafiki yangu Ekiru alikuwa akipanda nami. Yeye alikuwa Mturkana, Mkristo, kijana wa rika langu, seremala katika karakana ya misheni. Tulikuwa tunasimama kama watu waliorogwa mbele ya kile kichwa cheusi kinachotoa moshi. Ekiru alihesabu mbao za mabehewa, mimi nikakipima kichwa kwa hatua, mguu mbele ya mguu, mpaka siku moja karani wa stesheni akatutimua. "Nyinyi vijana wa Isiolo mnapima treni ya serikali ya nini?" Tukarudi kwenye lori mbio.

Tukaanza kuunda treni yetu ndogo, ya kukaa juu ya meza. Mimi nilikuwa mtu wa bati, kwa hiyo nilitengeneza kichwa, uani kwetu, pembeni mwa lori. Tumbo lake lilikuwa mkebe wa maziwa ya unga. Mabomba yalikuwa waya wa shaba niliofungua kutoka kwenye dainamo iliyoungua. Safu za riveti, vile vichwa vya misumari vinavyofunga bati, nilizitoa kwa kugonga bati kutoka nyuma kwa msumari butu, juu ya kipande cha kandambili ya mpira, vipele vidogo vidogo kimoja baada ya kingine. Ukikosea kimoja, bati zima unatupa. Ekiru alitengeneza mabehewa ya ng'ombe nyumbani kwao, na mbao zake zote zilikuwa njiti za kiberiti alizozikata vichwa. Ndoano za kuunganishia tulizikunja pamoja, siku moja, kwa koleo moja, ili zikutane. Shoka lisilo mpini halichanji kuni. Kichwa bila behewa ni mkebe tu.

Sasa ile nundu. Juu ya tumbo la kichwa cha moshi kuna kitu kama nundu ya ng'ombe, pale mvuke unapokusanyika. Mimi nilitaka iwe ya shaba. Nikaiona kwenye njia ya Kipsing, imelala kwenye mchanga wa lagga, mto mkavu: ganda la risasi. Nikalikata kitako, nikalisugua kwa majivu na ndimu mpaka likang'aa, nikalipachika. Kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza, ile ndiyo iliyonipendeza.

Utaniuliza, hukujua? Nilijua. Miaka ile ganda tupu mfukoni mwako lilitosha kukufanya uulizwe bunduki iko wapi. Lakini fundi akipenda kitu hujidanganya mwenyewe. Nilijiambia nimeshalikata, si risasi tena, ni nundu. Aliyejua lilikotoka ni Ekiru peke yake.

Na hapo ndipo penye jambo. Mwalimu mmoja wa chuo cha ufundi, upande wa Meru, alikuwa amesikia habari zetu kutoka misheni. Angekuja Jumamosi kuiona treni, na alikuwa na nafasi ya kijana mmoja chuoni. Mmoja, mwanangu. Sisi tulikuwa wawili, na kila mmoja wetu aliitaka nafasi ile kama mtu wa Korbesa, kule kwenye ukame, anavyoitaka mvua.

Basi siku moja kabla ya mwalimu kuja, natoka sala ya Ijumaa, nakuta tundu mahali pa nundu. Mama akaniambia, "Ekiru amepita hapa. Amekunja ngumi, anakimbia, hata salamu hakunipa." Kwetu mtu hapiti uani kwa watu bila salamu, awe mwenye salaam aleikum au mwenye habari zenu. Nikasema kimoyomoyo, kikulacho ki nguoni mwako. Ameiharibu kazi yangu ili kesho ya kwake ing'ae.

Jioni alikuja na mabehewa ndani ya katoni. Nilizungumza naye kupitia upenyo wa geti la mabati.

"Fungua, niko na mabehewa."

"Siwezi. Niko na homa."

Akageuka akawatazama wanawake waliokuwa foleni bombani, kisha akasogea karibu na geti. "Kuna kitu nataka kukuambia. Huko ndani."

"Kesho," nikasema, na kesho yenyewe nilikuwa nimeshaipanga: nitamwonyesha mwalimu kichwa changu peke yangu.

Asubuhi yake wakaja askari. Walikuwa wanapekua mtaa wetu nyumba kwa nyumba. Waliangalia chini ya lori, wakamwaga gunia la mahindi, halafu mmoja akakishika kichwa cha treni. Akakipindua. Akaingiza kidole chake kidogo ndani ya lile tundu.

"Hii tundu ni ya nini?"

"Kulikuwa na kifuniko, afande. Kimepotea."

Akanitazama mpaka nikahisi jasho nyuma ya masikio. Kisha akakirudisha mezani, tena polepole, na wakaenda kwa jirani.

Mtu mwenye akili timamu angemshukuru Mungu akakaa chini. Mimi nilihesabu. Ekiru ameichukua nundu jana, askari wamekuja leo. Alijuaje? Aliambiwa na nani? Ikawa wazi kwangu kama mchana kwamba Ekiru ndiye aliyewaita, ila baadaye akaogopa. Unaona, mwanangu? Shaka ikishashika mizizi, hata mvua ya heri huinywa ikanenepa. Mtu ameniokoa, nami nikautumia wokovu wenyewe kuwa ushahidi juu yake.

Nikamweleza babu yangu. Babu alikuwa askari wa Mwingereza, alipigana Burma, na ukoo wetu wote uko Isiolo kwa sababu ya wazee kama yeye waliopewa ardhi hapa wapumzike. Alikuwa amekaa kwenye kiti kibovu cha lori, kofia yake kichwani, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Umemwuliza?"

"Babu, mwizi anaulizwa kama ameiba?"

Alinitazama kwa dharau ambayo sijaisahau. "Mimi nililinda kambi usiku, msituni, adui akiwa karibu hata unamnusa. Sikuambiwa nisishuku. Mlinzi asiyeshuku anapigwa kiboko. Lakini ukisikia majani yanatikisika, kwanza unaita: simama, nani huko? Unaita kwa sauti, na unangoja jibu. Ndiyo sheria. Kwa sababu anayetikisa majani pengine ni mwenzako anarudi, ameumia. Wewe umesikia majani tangu jana, na umefyatua bila kuita. Wewe si mlinzi. Wewe ni mwoga mwenye bunduki. Toka mbele yangu, nenda ukaulize."

Nilikwenda.

Nilimkuta Ekiru nje ya nyumba yao, katoni ya mabehewa miguuni, kiberiti mkononi. Nilisimama mbali kidogo nikauliza kwa sauti, kama nilivyoagizwa.

"Ekiru, ni wewe ulitoa nundu yangu?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

Akatazama kushoto na kulia kwanza. Akaniambia kwamba jana mchana, sisi tukiwa msikitini, askari walipekua mtaa wao. Kwa jirani yake walikuta ganda la risasi ambalo mzee wa nyumba ile alikuwa anawekea ugoro. Wazee wa Kiturkana wengi walifanya hivyo. Wakamchukua mzee pamoja na mwanawe. "Hapo nikakumbuka yako. Nikakimbia. Mama yako alikuwa na majirani pale, ningemwambia nini? Nimekuja kutoa risasi kwa nyumba yenu? Nilitoa tu, nikaenda nikaitupa kwa choo ya misheni."

"Mbona hukuniambia jana?"

"Nilikuja. Ukasema uko na homa. Sauti yako haikuwa na homa. Nikajua umeamua kuchukua nafasi peke yako, na hii ya askari wa leo utasema ni mimi nimewaita." Akainua kile kiberiti. "Sasa nilikuwa nataka kuyachoma haya yote."

Nilimwomba msamaha, mwanangu, nikakichukua kile kiberiti mkononi mwake. Nilikaa chini kwenye vumbi. Yule mzee wa ugoro alirudi baada ya miezi kadhaa. Mwanawe alirudi wakati miaka ya themanini imeshaanza, na mpaka alipokufa hakupenda mtu apite nyuma yake. Yule ningekuwa mimi.

Tulichonga nundu nyingine kutoka kwenye mpini uliovunjika wa kikaango, tukaipaka rangi ya viatu. Alasiri mwalimu alikuja, mtu mwembamba wa maneno machache. Ndoano zilikutana. Treni ilipita mezani nzima, kichwa na mabehewa, juu ya reli zetu za mikanda ya chuma ya kufungia makreti. Yeye naye alikuwa mtu wa kushuku, kwa hiyo tulipendana. Akauliza nani alitengeneza nini, tukamwambia kweli. Alikikagua kichwa changu kwa muda. Mabehewa aliyakagua kwa muda mrefu zaidi, akifungua milango yake midogo na kuifunga.

"Kichwa ni kizuri," akasema. "Lakini huyu wa mabehewa amerudia kitu kimoja tena na tena, na la mwisho liko sawa na la kwanza. Huyo ndiye nitaenda naye."

Iliniuma. Sitakudanganya kwamba nilifurahi. Nilitabasamu kwa meno tu. Niliyemshuku kwamba atachukua nafasi yangu aliichukua kweli, tena kwa haki. Na siku ya kumsindikiza, yule mdudu wangu wa shaka akaamka tena. Safari hii sikumlisha.

"Ekiru," nikamwuliza kabla hajapanda gari, "ulijua atachagua mabehewa?"

"Ningejua," akasema, "singekesha mwezi mzima nikiomba Mungu akuharibie riveti."

Tukacheka mpaka dereva akatukemea. Kama nisingemwuliza, ningelibeba swali lile mpaka leo, naye angeibeba siri yake.

Kwa hiyo mimi, mwanangu, sikukatazi kushuku. Wako watakaokuambia dhana ni dhambi, na wengine watakuambia heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Wasikilize, wana hoja yao. Mimi nakuambia la babu yangu: shaka ni zamu ya ulinzi, na mlinzi ana sheria. Ukisikia majani yanatikisika, ita. Mwendee mtu mwenyewe, si jirani yake, umwulize kwa jina lake, siku ileile, kisha ufunge mdomo usikie jibu. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kumhukumu mtu kupitia upenyo wa geti.

Mungu akupe jicho lisilosinzia, na ulimi unaoutangulia mkono wako. Na siku ambayo wewe ndiye utakayeshukiwa, maana itafika, akuletee mtu wa kukuuliza mlangoni pako kabla hujawasha kiberiti.